Fedha, Pesa na Soo: Visawe vya Neno "Money" katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Kamusi za lugha mbili zina desturi ya kuyapanga maneno kwa mkato. Neno la Kiingereza "money" huwekewa fedha, kisha mkato, kisha pesa, na mara nyingine hela au sarafu. Mkato huo humwambia msomaji kwamba maneno hayo ni sawa na kwamba aweza kuchukua lolote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sivyo. Ushahidi unachukuliwa katika usemi wa mitaa ya Eastlands, kama vile Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na Dandora, ambako neno hilo moja la Kiingereza limegawanyika vipande vingi, na kila kipande kina kazi yake.

Kwanza yafaa kutazama asili. Fedha ni neno la Kiarabu lililotaja madini ya rangi nyeupe kabla halijataja mali. Pesa ni ile paisa ya Bara Hindi, na hela ni Heller ya Wajerumani, sarafu iliyoanza kutumika katika koloni lao la Afrika ya Mashariki mwaka 1904. Upande wa Kenya, rupia ilitumika hadi 1920, ikafuatwa na florini kwa muda mfupi, kisha shilingi kuanzia 1921. Kwa hiyo maneno haya si watoto wa mama mmoja. Kila moja lilikuja na sarafu yake na mtawala wake.

Hata hivyo, asili peke yake haielezi matumizi. Serikali ina Wizara ya Fedha na bunge hujadili mwaka wa fedha; lakini huduma ya kutuma malipo kwa simu iliyoanzishwa Kenya mwaka 2007 iliitwa M-Pesa. Fedha imebaki ofisini, na pesa imebaki mkononi. Hela, ambayo ni neno la kila siku Tanzania bara, haisikiki sana Nairobi. Tayari visawe vitatu vimetengana, kimoja kwa mahali pa rasmi, kimoja kwa mfuko, kimoja kwa nchi.

Eastlands mgawanyiko huu umeendelea mbele zaidi. Katika Sheng, usemi uliokulia mitaani humo, mna maneno ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni chapaa, ganji, doo na munde. Kundi la pili ni ashu (shilingi 10), mbao (20), finje (50), soo (100) na ngiri (1,000). Kwa haraka yote yaweza kutafsiriwa "money", lakini sarufi inakataa. Msemaji husema "soo mbili" au "ngiri tatu". Hasemi "chapaa mbili" wala "ganji tatu". Atasema "chapaa mob", yaani nyingi. Kundi la kwanza ni la kitu kisichohesabika, la pili ni la vipimo. Anayedai kwamba Sheng haina kanuni na atazame hapo: kanuni hiyo haikuandikwa na mwalimu yeyote, na watoto wa mtaani hawaikosei.

Aidha, baadhi ya maneno hayo yamehifadhi historia. Neno "bob", lililokuwa jina la mitaani la shilingi huko Uingereza, lilipotewa na kazi kwao sarafu zilipobadilishwa mwaka 1971. Nairobi lingali hai, kwa kuwa shilingi yenyewe ingalipo. Mbao ina thamani ileile iliyokuwa ya pauni moja katika hesabu za serikali ya Kenya. Noti ya shilingi 500 ilipata kuitwa jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo, mwenyekiti wa YK'92, kundi la vijana lililoipigia KANU kampeni katika uchaguzi wa 1992. Anayelitafsiri neno hilo "mia tano" ametoa hesabu sahihi na kuuacha uchaguzi mzima nje.

Jambo la tatu ni uhusiano wa wasemaji. Si kweli kwamba mtu wa Eastlands ana Sheng tu. Kijana yuleyule humwambia mwenzake "niko na soo", humwambia bibi yake "nina shilingi mia, shosho", na akifika kwa mwenye nyumba hutaja kodi, kwa shule karo, kwa matatu nauli, na kwa wafiwa mchango. Neno analolichagua laonyesha anasema na nani na deni ni la namna gani. Kwa kipimo hiki, visawe kamili ni adimu.

Hapa ndipo kazi za wataalamu zinapostahili kupimwa. Kamusi ya Sheng na Kiingereza ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga, iliyotolewa mwaka 2003, ilifanya jambo la heshima kwa kuyakusanya maneno yaliyodharauliwa. Lakini jina lake la pili liliitaja Sheng kuwa lugha ya wahalifu na ya mafichoni. Jina hilo halichukuani na matumizi, kwani mama anayeuza nguo Gikomba akitaja finje mbele ya wateja wake hafichi kitu. Kitabu cha Chege Githiora cha mwaka 2018 kilikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa kiliitazama Sheng kama lahaja ya Kiswahili ya Kenya.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Mathalani, mwanafunzi akiandika katika insha kwamba mama "alibaki na soo mbili", na mwalimu akafuta na kuandika "alibaki na fedha", usahihisho huo umeharibu maana: mama aliyekuwa na shilingi mia mbili sasa anaonekana tajiri. Sahihi ilikuwa "shilingi mia mbili". Mwalimu asiyejua soo ni nini hawezi kumfundisha mtoto Kiswahili sanifu, kwa sababu hajui anachokitafsiri.

Watetezi wa usanifu watasema kwamba maneno ya mitaani hufa upesi, na kwamba ashu haieleweki Unguja. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haiyafukuzi maneno hayo katika kamusi. Yadai tu yawekewe alama za mahali na wakati. Kidahizo chema cha neno la malipo hakina budi kujibu maswali matatu: je, lahesabika? Lataja kiasi gani? Na nani humwambia nani? Kamusi isiyojibu hayo imempa msomaji orodha ya maneno, haijampa maana zake.