Mji Uliobaki Baada ya Risasi: Uhakiki wa Dhana ya Mpanda kama Mji wa Reli

Kusema kwamba Mpanda ni mji ulioletwa na reli ni sahihi kwa tarehe, lakini ni hoja pungufu. Tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa takribani kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Reli hiyo ilivuka mto Ugalla na misitu ya miombo ili kufuata mzigo. Anayepuuza jambo hilo hutafuta Mpanda mji ambao wajenzi wake hawakuukusudia.

Ulinganisho na Tabora na Kigoma ndio unaopotosha zaidi. Tabora ilikuwa mji wa misafara kabla reli ya kati haijaufikia mwaka 1912. Kigoma ilipewa stesheni ya fahari, kwa kuwa Wajerumani walitaka mwisho wa reli ziwani uwe tangazo la dola. Kwa mizani ya Kigoma, Mpanda haina usanifu wa kujadiliwa. Kasoro imo katika mizani yenyewe. Usanifu wa Mpanda husomwa katika mpangilio: tuta la reli, yadi ya mabehewa, maghala, kisha kota, ambamo, kama katika reli nyingine za kikoloni za Afrika Mashariki, ukubwa wa nyumba na uwanja wake ulitangaza cheo cha mkaaji.

Majina ya kata nayo ni ushahidi, ingawa usitegemewe peke yake. Mpanda Hoteli, Majengo na Uwanja wa Ndege ni majina ya huduma na miundombinu. Kashaulili, Nsemulwa na Kawajense si majina ya namna hiyo. Mji mmoja unasema kwa sauti mbili, na dhana ya "mji wa reli" husikia moja tu.

Udhaifu mkubwa wa dhana hiyo hujitokeza mwaka 1960, mgodi ulipofungwa. Kama mji ungekuwa zao la reli ya madini pekee, ungepaswa kufa pamoja nao. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa katika kipindi hichohicho kwa ajili ya mradi wa karanga, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya mradi kushindwa. Tawi la Mpanda halikung'olewa. Lilipata mizigo mingine: mahindi, tumbaku, na zaidi ya yote abiria, ambao wakati wa masika hawakuwa na njia nyingine ya kutumainiwa. Makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, Katumba mwaka 1972 na Mishamo mwaka 1978, yaliongeza wakulima na wanunuzi katika eneo ambalo mgodi ulikuwa umeliacha. Nyumba za matofali ya kuchoma zilizoezekwa kwa mabati, ambazo wapenzi wa majengo ya kikoloni huzipita bila kuzitazama, ni sura ya awamu hii ya pili. Ndiyo iliyo ndefu zaidi katika historia ya mji.

Suala hili lina matokeo ya kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda kwa umri majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyobaki husubiri tangazo la waziri. Hakuna ukuta wa Mpanda ya reli unaokidhi kigezo hicho. Wakati huohuo, tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012 na Mpanda kuwa makao yake makuu, idadi ya watu wa mkoa imepanda kutoka 564,604 hadi 1,152,958 katika sensa ya 2022, na ardhi ya katikati ya mji inatafutwa. Reli ya kisasa kuelekea Mpanda na bandari ya Karema nayo imo katika mipango. Kinachohitajika kwanza ni michoro ya vipimo ya kota na maghala, nyumba kwa nyumba, ikiwa na vyumba vilivyoongezwa na wakazi baada ya 1960, kwa sababu nyongeza hizo ndizo ambazo mchoro wowote wa kampuni usingeweza kuzionyesha.