Moto Uliookoa Maganda ya Risasi

Ganda la risasi, yaani kikopo chembamba kinachobeba baruti na kushika kichwa cha risasi mdomoni mwake, kwa kawaida hutengenezwa kwa shaba njano yenye takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki, ambayo huanza kama kisahani kikavutwa kwa mashine hatua kwa hatua hadi kirefuke. Kila mvuto huifanya metali iwe ngumu zaidi na kuacha ndani yake mkazo, yaani nguvu iliyofungiwa ambayo haionekani kwa macho, na mkazo huo huwa mkubwa hasa shingoni, mahali ganda linapobanwa ili lishike kichwa.

Jeshi la Uingereza nchini India liligharimika kwa kutoujua mkazo huo, kwani risasi zilizohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi wakati wa mvua zilikutwa na nyufa ingawa hakuna aliyezigonga wala kuzifyatua. Mwaka 1921 watafiti Moor, Beckinsale na Mallinson walieleza chanzo cha nyufa hizo: amonia, gesi inayotokana na mkojo wa wanyama, huyeyuka katika unyevu uliotanda juu ya metali, ikaila shaba kwa kufuata mipaka ya punje zake, na mkazo uliomo ukaupanua ufa.

Dawa iliyofaa ilikuwa kuondoa mkazo wenyewe, na uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu amonia hupatikana popote penye mifugo au choo, ilhali mkazo hutoweka ganda likipashwa moto wa kadiri kabla halijatoka kiwandani. Shingo ndiyo hupashwa. Kitako huachwa kigumu, kwa kuwa ndicho kinachohimili shinikizo la baruti inapolipuka, na kikilainika ganda huweza kupasuka mbele ya uso wa mfyatuaji. Maganda mengi ya kijeshi bado yana doa la buluu na kahawia shingoni, alama ya moto huo.

Nchini Marekani, ambako walenga shabaha wengi hujaza upya maganda yaliyotumika, kila ufyatuaji na kila ubanaji huirudishia shingo ugumu na mkazo, hivyo baadhi yao huipasha tena. Kwa sababu iyo hiyo, ganda la shaba njano halipaswi kung'arishwa kwa dawa yenye amonia.