Mashine Mbele, Kabati Nyuma: Jiko la Usoke

Mashine ya kuoshea vyombo iliyotengenezwa kupachikwa kabatini huletwa ikiwa nusu. Ubavuni ni bati jembamba lililobandikwa vitambaa vya kuzuia kelele, juu haina kifuniko kigumu, mlango wake hauna ubao wa mbele. Yaliyobaki anaachiwa seremala. Kuosha itaosha hata bila kabati, hilo halina ubishi. Ila lazima pawe na kitu cha kufanya kazi ya kabati mpaka kabati lije.

Jiko ninalolichambua liko Usoke, kwenye reli ya kati magharibi ya Tabora, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Wenye nyumba walihamia kabla haijaisha, kama tufanyavyo wengi wetu. Mbao za mninga za makabati zilikuwa zimeshapasuliwa, lakini mbichi, na maseremala hukadiria mwaka mzima wa kukausha kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Anayeharakisha mbao mbichi anajitafutia milango iliyopinda. Walifanya vyema kuzisubiri mbao, na walifanya vyema zaidi kutoisubirisha mashine. Mzunguko mmoja wa mashine za siku hizi hutumia kama lita 10 za maji, yaani nusu ndoo, kwa vyombo vya familia nzima. Katika kiangazi cha Unyamwezi, kuanzia Mei hadi Oktoba, kuacha kitu kama hicho ndani ya boksi ni hasara ya wazi.

Hatari ya kwanza ni kuanguka. Mashine za kusimama peke yake huwekewa uzito nyuma, chini. Hizi za kupachikwa hutegemea kufungwa kwenye kaunta. Tufanye hesabu. Tuseme mashine ina kilo 35 na uzito wake umekaa sentimita 27 nyuma ya miguu ya mbele: 35 mara 27 ni 945. Vuta nje trei mbili zenye sahani na masufuria, kilo 20 kwa jumla, sentimita 30 mbele ya miguu: 600. Bado imesimama. Sasa mtoto wa kilo 20 akalie mlango uliofunguliwa, sentimita 50 mbele: 1,000. Mtoto huyo peke yake, trei zikiwa ndani tupu, ameshaishinda mashine; trei zenye vyombo zikiwa nje, itamwangukia ikiwa na visu na maji ya moto. Kwa sababu hiyo sikubaliani kabisa na wanaoegemeza mashine ukutani na kuiwashia hapo hapo, hata kama ni kwa wiki moja.

Usoke walitumia kitu ambacho jiko la kwetu huwa nacho kabla ya seremala kuitwa: kaunta ya zege iliyokaa juu ya kuta fupi za tofali. Kati ya kuta mbili fundi aliacha uwazi wa sentimita 65, akijua lipu na vigae vitakula mbili na nusu kila upande na kubakiza 60 za mashine. Wengi hukosea hapo, wakapima tofali kwa tofali na kusahau lipu. Jambo la pili alilolipatia ni sakafu. Vigae viliwekwa hadi ukutani, chini ya mahali pa mashine, kabla haijaingizwa. Ukiisimamisha kwenye zege tupu kisha ukaja kuweka vigae mbele yake, sakafu inapanda, na siku ya matengenezo mashine haitoki bila kuvunja kitu.

Vishikio vya mashine vimetengenezwa kuingia kwenye mbao, havishiki zege. Kwa hiyo ubao wa unene wa sentimita mbili ulifungwa chini ya kaunta, ukingoni mwa mbele, kwa skrubu na fisha. Mashine ikainuliwa kwa miguu yake ya kuzungusha, ikanyooshwa kwa pimamaji, vishikio vikafungwa kwenye ubao ule. Asiye na kaunta ya zege ajenge fremu ya mbao mbili kwa nne, aifunge ukutani, na juu aweke plaiwudi nene. Inatosha, mradi imeshikwa na ukuta.

Mlango nao una tabia yake. Springi zake hukazwa kwa kutegemea uzito wa ubao wa mbele. Ubao usipokuwepo, mlango hurudi juu kwa nguvu. Zipo skrubu za kuzilegeza, na kazi hiyo ni ya dakika chache.

Maji yalisumbua zaidi. Mashine nyingi hudai presha ya angalau 0.5 bar, na kila mita moja ya kimo cha maji hutoa 0.1 tu. Tangi lenye kitako mita tatu juu na maji ya kina cha mita moja linatoa 0.4, na mashine inasimama ikidai maji. Dawa ni mnara mrefu zaidi au pampu ndogo. Mpira wa maji machafu upande kama sentimita 50 kutoka sakafuni kabla ya kuingia kwenye bomba, la sivyo maji yatavutwa yote kwenda kwenye karo huku mashine ikijaza.

Umeme upewe laini yake kutoka meinswichi, yenye ethi ya kweli, kwa kuwa hita peke yake hula karibu wati 2,000. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, nguvu ya hita hushuka hadi wati 1,225 hivi; mzunguko utakaochukua muda mrefu jioni si lazima uwe ubovu. Chumvi ya kulainisha maji iwe ile ya mashine. Chumvi ya Uvinza, mji ulio kwenye reli hiyo hiyo, ibaki kwenye mboga.

Mninga ukikauka, ubao wa sentimita 60 kwa 72 wenye unene wa sentimita mbili utakuwa na kilo tano na nusu hivi. Seremala asome kwanza ukomo wa uzito kwenye kijitabu cha mashine, aufunge ubao, kisha azikaze tena springi mpaka mlango ubaki pale mkono ulipouachia.