Upatanisho, Fidia na Damu: Neno Moja la Biblia Lisomwapo Malampaka

Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyopigwa chapa mwaka 1952 ili Wakristo wa pwani na wa bara wasome kitabu kimoja, imetenda jambo ambalo wanachuoni wetu wa dini hawajalitazama inavyostahili. Waraka kwa Warumi, sura ya 3, una neno la Kiyunani hilasterioni. Sura ya 5 ya waraka uo huo ina katalage. Waraka wa kwanza kwa Timotheo una mesite. Maneno haya ni matatu, wala hayana shina moja. La kwanza limetoka hekaluni, penye madhabahu na damu. La pili ni la watu waliokosana wakarudiana. La tatu ni la mtu asimamaye kati. Watafsiri waliyatwaa yote matatu wakayapandikiza juu ya shina moja la Kibantu, patana: upatanisho, kisha upatanisho tena, kisha mpatanishi. Yohana naye akapewa kipatanisho, na siku ile kuu ya kitabu cha Walawi ikaitwa Siku ya Upatanisho.

Nia yangu ni kulihakiki chaguo hilo. Naona kwamba ni jema kuliko mahubiri mengi yaliyojengwa juu yake, ila lina upungufu mmoja, na upungufu huo waonekana wazi zaidi mahali kama Malampaka kuliko katika vyumba vya masomo.

Tukumbuke kwanza ubishi wa Ulaya, kwa kifupi tu. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alifundisha kwamba dhambi ni deni la heshima ambalo mwanadamu hawezi kulilipa; wana-matengenezo wa karne ya 16 wakaligeuza deni kuwa adhabu. Mwaka 1930 Gustaf Aulén, Mswidi, alidai kwamba mafundisho ya kale zaidi hayakuwa ya deni wala ya adhabu, bali ya vita: Kristo amewashinda walioteka. Mwaka 1931 C. H. Dodd alisema kwamba neno lile la Warumi maana yake ni kufuta dhambi, si kutuliza ghadhabu. Leon Morris akamjibu mwaka 1955 kwamba ghadhabu haiwezi kutolewa humo. Biblia ya Habari Njema, iliyotafsiriwa baadaye, yaelekea upande wa Dodd, kwa kuwa yaeleza tu kuondolewa kwa dhambi. Biblia ya Muungano haikumfuata huyu wala yule. Iliacha kuuliza dhambi ifanywe nini, au ghadhabu ifanywe nini, ikauliza waliokosana wafanywe nini.

Wala si kwamba maneno mengine hayakuwapo. Kafara lilikuwapo, nalo ni ndugu wa damu wa neno la Kiebrania la Walawi. Mwislamu wa pwani alijua, na ajua hata leo, kafara ya kiapo kilichovunjwa, ambayo ni kulisha maskini kumi. Lakini neno hilo limepita njia mbaya. Siku hizi mtu akisema kwamba fulani ametolewa kafara, msikilizaji hafikirii maskini waliolishwa. Afikiri mtumishi mdogo aliyefukuzwa kazi ili wakubwa wapone, au mtoto aliyeuawa ili tajiri atajirike. Ukombozi nao ulikuwapo, na umo katika Timotheo. Zamani kukomboa kulikuwa kutoa mali ili kurudisha kilichowekwa rehani au mtu aliyeshikwa. Lakini tangu mwaka 1963 hadi 1994 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na kizazi kizima kikajifunza kwamba ukombozi hauji kwa fidia bali kwa mapambano. Hivyo Aulén alishinda katika Kiswahili kwa msaada wa redio na magazeti, pasipo mhubiri yeyote kumsoma. Na fidia iliyomo katika Marko, sura ya 10, yamfanya msikilizaji aulize swali lile lile lililowatesa mababa wa Kanisa: je, alilipwa nani? Origen alielekea kumjibu kwamba ni Shetani. Gregory wa Nazianzus akakataa, akakataa pia kwamba ni Baba.

Basi patana liliponea pale wenzake walipochafuka au kubadilika. Lakini tulitazame vizuri. Kitenzi hiki ni cha kutendana. Mtu mmoja hapatani peke yake. Watu hupatana baada ya ugomvi, na hupatana bei ya ng'ombe mnadani, na hupatana mahari mbele ya wazee. Na katika mapatano yote hayo kila upande hulegeza kidogo. Je, Mungu naye amelegeza kidogo, na mwanadamu kidogo? Hivyo ndivyo wengi wanavyosikia, na ndipo mtu huweka nadhiri na Mungu kana kwamba wako sokoni. Tena kupatanisha ni kazi ya mtu wa tatu: mzee, jirani, balozi wa nyumba kumi. Lakini Paulo, katika sura ya 5 ya waraka wa pili kwa Wakorintho, asema kwamba aliyekosewa ndiye huyo huyo aliyepatanisha, tena ametupatanisha na nafsi yake. Hapa sarufi yetu yalazimishwa, na ni vizuri ilazimishwe. Msomaji akijikwaa hapo amejikwaa juu ya jambo lenyewe. Karl Barth alitumia kurasa nyingi, kuanzia mwaka 1953, kulisema jambo hilo kwa Kijerumani.

Sasa twende Malampaka. Ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012, wenye kituo cha reli iendayo Mwanza na mashamba ya pamba pande zote. Mahubiri husikika huko kwa Kiswahili, nayo hupimwa kwa Kisukuma. Na mila ya Wasukuma, kama mila nyingi za wafugaji, haikujua upatanisho mkavu. Mtu akiua, ng'ombe hutoka ukoo huu kwenda ukoo ule. Bila ng'ombe, maneno ya amani ni upepo. Msikilizaji wa namna hii asikiapo upatanisho, hauliziki sana kuhusu ghadhabu. Auliza ng'ombe wametoka zizi la nani. Neno patana halimjibu. Lataja amani na kunyamaza juu ya gharama, na hapo ndipo mhubiri hukimbilia damu.

Akimbiliapo damu yampasa aangalie anakokanyaga. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, na hata katika karne hii, nchi ya Usukuma imepatwa na msiba wa vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine bila ushahidi ila macho mekundu yaliyoumizwa na moshi wa jikoni. Mtoto hufa, mpiga ramli humtaja mtu, mtu huyo huuawa, na kijiji hutulia. René Girard, Mfaransa, aliandika mwaka 1972 juu ya utulivu wa namna hiyo katika mataifa ya kale. Kwetu haukuhitaji mataifa ya kale. Mhubiri asemaye kwamba hasira ya Mungu ilitulia kwa kufa asiye na hatia, kisha asiongeze neno, asema lugha ambayo kijiji chaijua tayari, nayo ni lugha ya mpiga ramli. Watetezi wa mafundisho ya adhabu wanalijua hilo. John Stott, mwaka 1986, alisisitiza kwamba aliyechukua mahali pa mkosaji ni Mungu mwenyewe, wala si mtu wa tatu aliyekamatwa njiani. Ni jibu zuri, ila lapotea katika nyimbo na vipaza sauti.

Padre Charles Nyamiti, Mnyamwezi, jirani wa Wasukuma kwa lugha na kwa mila, alijaribu njia nyingine mwaka 1984 katika kitabu chake juu ya Kristo mhenga wetu. Mhenga ni ndugu, amekufa, amekaribia Mungu, ni kielelezo, na ana haki ya kukumbukwa na walio hai. Hapa gharama imepata mahali pake: kifo ndicho kinachomfanya ndugu awe mhenga, na sadaka inayofuata ni chakula cha ukoo wala si malipo. Nampenda Nyamiti kwa hilo. Lakini Msukuma yeyote atamwambia kwamba mhenga aliyesahauliwa huleta ugonjwa, na kwamba watu humpelekea pombe na mnyama kwa hofu kama kwa upendo. Ghadhabu iliyotolewa mlangoni imerudi kwa dirishani, na safari hii ni ghadhabu ya mwana wa nyumba.

Kwa hiyo narudi kwa watafsiri wa 1952, ambao huenda walisema zaidi ya walivyokusudia. Katika Timotheo Kristo ni mpatanishi, katika Yohana ni kipatanisho: mara mtu, mara kitu. Kiyunani hakina mchezo huo, kwa maana maneno yake mawili hayafanani hata herufi. Ni ngeli zetu zilizouleta. Mzee apatanishaye koo mbili za Malampaka huja na fimbo yake na maneno yake, na ng'ombe hutoka kwingine. M na ki hazikai katika mwili mmoja. Katika Biblia hii zimekaa, na mwanafunzi atakayeandika teolojia ya msalaba kwa Kiswahili anaweza kuanzia hapo, kabla hajamfungua Anselm.