REAL-PET: Picha Haikustahili Kupewa Filimbi

Walioandaa jaribio la REAL-PET walikosea jambo moja kubwa: waliifanya picha ya ubongo ya PET kuwa kipimo kikuu bila kuweka kundi la plasebo. Mengine yanasameheka.

Mpango ulikuwa huu. Wagonjwa 186 wa Parkinson, wengine wakapewa dawa ya ropinirole na wengine levodopa kwa miaka miwili, kisha skani za florodopa zikalinganishwa. Mwaka 2003 majibu yakatoka: unasaji wa florodopa kwenye putameni, sehemu ya ndani ya ubongo, ulishuka kwa asilimia 13 hivi upande wa ropinirole, na 20 upande wa levodopa. Kichwa cha ripoti kikatangaza kwamba ugonjwa huenda polepole zaidi kwa ropinirole. Mfadhili alikuwa kampuni ya GlaxoSmithKline, mwenye ropinirole.

Sasa tazama UPDRS, kipimo cha dalili za mgonjwa. Waliotumia levodopa, ambao picha ilisema wanaharibika haraka zaidi, walipata nafuu ya karibu pointi 6 za mwendo. Wa ropinirole hawakupata nafuu yoyote. Picha na mwili vilipopishana namna hiyo, aliyepaswa kuhojiwa kwanza ni picha. Wao wakaiachia filimbi.

Na picha ile inapima nini hasa? Florodopa huingia kwenye neva, kimeng'enya huigeuza kuwa florodopamini, nayo huhifadhiwa humo. Mwanga unaouona ni kazi ya kimeng'enya na uhifadhi, wala si idadi ya seli zilizo hai. Dawa yenyewe inaweza kupunguza kazi hiyo au kuiongeza pasipo seli hata moja kufa. Bila plasebo, huwezi kusema ni levodopa iliyoshusha au ni ropinirole iliyopandisha. Na zile rangi nyekundu na njano zinazowapumbaza watu kwenye makongamano, nimelipigia kelele hili miaka nenda rudi: anazichagua mtu kwenye kompyuta.

Utaniambia plasebo ni ukatili kwa mgonjwa. Jaribio la ELLDOPA liliiweka kwa wiki 40 na kuchapisha majibu mwaka 2004. Huko nako picha za SPECT zilishuka zaidi kwa levodopa, lakini hata baada ya kusitisha dawa kwa wiki mbili, waliotumia levodopa walikuwa na hali nzuri kuliko wa plasebo. Kwa kuwa plasebo ilikuwapo, hakuna aliyethubutu kutangaza mshindi. Halafu jaribio la LEAP, mwaka 2019, likaonyesha kwamba kuanza levodopa mapema hakupunguzi kasi ya ugonjwa wala hakuiongezi. Utafiti wa Ghana wa 2014 ulikuwa umeshaonyesha kuwa miondoko isiyozuilika hufuata umri wa ugonjwa kuliko muda wa kumeza levodopa. Hofu kwamba levodopa, dawa hii bora, huharakisha ugonjwa ilikuwa ya bure.

Nikiri REAL-PET ilipofanya vizuri: miondoko hiyo isiyozuilika ilikuwa michache kwa ropinirole, na skani iliwabaini asilimia 11 ya walioingizwa ambao dopamini yao ilikuwa sawa. Hiyo ndiyo kazi ya picha, na skani ya DaTscan ilipewa kibali Marekani mwaka 2011 kwa kazi ya aina hiyo, kutenganisha Parkinson na mtetemeko wa kawaida (essential tremor). Ukiiuliza itenganishe Parkinson na magonjwa yanayofanana nayo, MSA au PSP, inanyamaza.

Kwenye hatua za ugonjwa ndiko picha inakopwaya kabisa. Kwa mpangilio wa mwanaanatomia Braak, wa mwaka 2003 huohuo, ugonjwa huanzia sehemu ya chini ya shina la ubongo na kwenye neva za harufu. Sabstansia nigra, ambayo neva zake huishia kwenye putameni, hufikiwa hatua ya tatu kati ya sita. Skani ya putameni inafika mchezo ukiwa umeshachanganya.

Madaktari Hoehn na Yahr mwaka 1967 walipanga hatua tano kwa kumtazama mgonjwa tu: ugonjwa uko upande mmoja au pande zote mbili, ukimvuta anayumba au anasimama. Au mwambie mgonjwa agonganishe gumba na kidole cha shahada: mwanzo vidole vinaachana vizuri, kisha nafasi inasinyaa, mara vinakwama. Jaribio lijalo la kupunguza kasi ya Parkinson lianzie hapo, kwenye mwili wa mgonjwa, liweke plasebo, na picha ije kama shahidi.