Kidole Gizani

Kazi huanza kwa kukaa gizani mpaka macho yazoee. Kisha jicho linasogezwa kwenye hadubini. Mbele yake kuna kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki, na sehemu inayotazamwa haizidi sana milimita moja ya mraba. Kila chembe ya alfa inayopiga pale hutoa cheche hafifu, ikazimika papo hapo. Ukiiona, unabonyeza swichi. Cheche, bonyeza. Cheche, bonyeza.

Hivyo ndivyo Ernest Rutherford na Hans Geiger walivyohesabu chembe hizo, zinazorushwa na atomi za poloniamu zinapovunjika, huko Manchester, Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 1910. Katika fizikia yote sijui kazi ya mikono ninayoiheshimu kuliko hiyo. Kila kidole kilipobonyeza, alama ilibaki kwenye utepe uliokuwa ukivutwa na mota, na saa nayo ikitia alama yake kila nusu dakika. Walihesabu dakika tatu hadi tano, wakasimamisha mota, wakapumzisha macho, wakarudi tena. Kwa siku walipata cheche 2,000 hivi. Na kwa kuwa poloniamu ilikuwa ikififia, kila siku waliisogeza karibu zaidi na kioo ili wastani usishuke.

Subira ilikuwa ya Geiger. Rutherford alimwandikia rafiki yake kwamba kijana huyo aliweza kuhesabu usiku kucha akiwa mtulivu vilevile, ilhali yeye mwenyewe alipojaribu, dakika mbili zilimtosha: alilaani, akaondoka.

Utepe ukagawanywa katika vipande vya sekunde 7.5. Vilikuwa 2,608, na ndani yake cheche 10,097, yaani wastani wa 3.87 kwa kipande. Mwanahisabati Harry Bateman alikuwa ameonyesha ni vipande vingapi vingepata cheche ngapi ikiwa zinakuja kwa bahati tupu, pasipo moja kuijali nyingine. Vipande visivyo na cheche hata moja vilitarajiwa kuwa 54, vilikuwa 57. Vyenye cheche tatu vilitarajiwa 525, vikawa 525. Nimeirudia hesabu hiyo kwa kalamu yangu mwenyewe, na nilipofika kwenye 525 nilisimama kwanza.

Maana hapo pana jambo zito: atomi huvunjika kwa bahati tupu. Wapo wanaosema kwa Kiswahili kwamba atomi ya mnururisho "inaoza", na neno hilo linanisumbua. Embe huoza baada ya kuiva. Doa hutangulia, harufu hufuata, na mwenye pua anajua kesho litafaa au halitafaa. Atomi haina doa. Nusumaisha ya poloniamu hiyo, yaani muda ambao nusu ya atomi zake huvunjika, ni siku 138, lakini atomi iliyovuka siku hizo zote haijachakaa hata chembe. Uwezekano wa kuvunjika leo ni uleule iliokuwa nao siku ya kwanza. Binadamu aliyeishi sana tunasema amekula chumvi nyingi. Atomi haili chumvi. Cheche za poloniamu zinafika kama matone ya kwanza ya mvua kwenye paa la bati: matatu kwa pamoja, kimya, moja, kimya kirefu mpaka unadhani mvua imeghairi.

Mwaka 1928 George Gamow, na kwa njia yao wenyewe Ronald Gurney na Edward Condon, walieleza kwamba alfa ni wimbi linalopenya ukuta wa kiini cha atomi ambao kwa nguvu zake lisingeweza kuupanda. Nadharia hiyo inatoa uwezekano, siku haitoi. Tena wimbi hilo linasambaa pande zote kwa usawa, lakini cheche inawaka mahali pamoja tu kwenye kioo. Wimbi linageuka tukio wapi? Kwenye chembe ya salfaidi ya zinki? Kwenye jicho? Kidoleni? Swali hili la upimaji bado linawagawa wanafizikia, na mara nyingi "mtazamaji" anatajwa kama kivuli kisicho na mwili. Mimi namtaka mwenye mwili, yule ambaye macho yanamwuma.

Kwa sababu macho hayo yanaweza kukosea. Katika miaka ya 1920 maabara za Vienna na Cambridge zilitofautiana vikali kuhusu elementi nyepesi zinazovunjwa na alfa. Vienna waliona cheche ambazo Cambridge hawakuziona. Desemba 1927 James Chadwick wa Cambridge alikwenda Vienna, ambako wahesabuji walikuwa wanawake, akapanga jaribio bila kuwaambia ni nini kilichowekwa mbele ya kioo. Hesabu zao zikalingana na za Cambridge. Siamini kwamba kabla ya hapo walidanganya. Walijua kinachotarajiwa, na katika giza lile, kwa cheche zilizo ukingoni mwa kuonekana, kujua kulitosha. Heshima ya kazi hii iko hapo: kukodoa macho kwa nguvu zako zote huku hutaki lolote lionekane.

Geiger mwenyewe ndiye aliyewapunguzia wenzake mzigo. Mwaka 1928, pamoja na Walther Müller, alitoa mrija unaohesabu kwa umeme, na jicho likapewa likizo.

Lakini mimi narudi kwenye utepe wa Manchester. Katika vipande vyote 2,608 kipo kimoja tu chenye cheche 14. Sekunde saba na nusu, karibu cheche mbili kila sekunde, kati ya saa kadhaa za tatu tatu na nne nne. Alama zote 14 zimo.