Sasa Anaongea: Nani Anapewa Solo Ndani ya Riwaya?

Baba yangu mdogo alikuwa na kaseti za Morogoro Jazz ambazo mtoto yeyote hakuruhusiwa kuzigusa. Jumapili mchana, akishashiba, aliweka moja kwenye redio, akajinyoosha kwenye kochi, na sisi tukatakiwa kunyamaza. Waimbaji waliimba, saksafoni zikawajibu, yeye kimya. Lakini gitaa la solo la Mbaraka Mwinshehe likiingia tu, alinyanyua kidole juu: "Sikilizeni. Sasa anaongea."

Mbaraka alifariki mwaka 1979, kabla sijazaliwa, na sidhani kama baba mdogo amewahi kumaliza riwaya hata moja. Ila kidole chake kile ndicho kilichonisaidia kuelewa kitu kilichonisumbua muda mrefu: kwa nini riwaya mbili ninazozipenda, zote zilizoandikwa na watu wenye masikio ya muziki, zinaniacha na hisia tofauti kabisa. Moja ni Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila. Nyingine ni Jazz ya Toni Morrison.

Kwanza tuelewane. Tukisema muziki umeingia kwenye hadithi, mara nyingi tunamaanisha jambo jepesi. Mhusika yuko baa, mwandishi anataja wimbo unaopigwa, msomaji anatabasamu kwa sababu na yeye anaujua. Hapo wimbo ni pazia. Ukiutoa, dirisha linabaki palepale. Mimi nazungumzia muziki ambao ukiutoa nyumba inaanguka: unaoamua sentensi iwe ndefu kiasi gani, nini kirudiwe, na nani aongee baada ya nani.

Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981, kwenye mji wa migodi ya shaba ambako Kiswahili kinasikika kila kona, na sasa anaishi Graz, Austria. Tram 83 aliiandika kwa Kifaransa na ikatoka mwaka 2014. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya Roland Glasser, tafsiri iliyojaa pumzi. Kitabu kilishinda Tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015, na ukikifungua unaona kwa nini. Tuko kwenye mji usio na jina, uliojitenga ukawa nchi yake wenyewe, chini ya jenerali mmoja muasi. Stesheni ya reli imebaki mifupa. Usiku watu wote wanamiminika kwenye baa moja, Tram 83: wachimba madini, wanafunzi waliogoma, wanajeshi, wageni waliokuja kufuata mawe, wanamuziki, wasichana wanaojiuza. Lucien, mwandishi mwenye daftari na dhamira, anafika kwa rafiki yake wa zamani, Requiem, ambaye dhamira alishaiuza zamani.

Ukitafuta kisa, utachoka. Kitabu hiki kinasikilizwa. Mujila anaweza kutaja aina za watu waliomo kwenye baa mfululizo, mstari kwa mstari, bila kuweka nukta, mpaka unahisi mpulizaji saksafoni hataki kutoa chombo mdomoni. Halafu kuna kiitikio. Lucien na Requiem wakiwa katikati ya mazungumzo, sauti ya msichana inakatiza kuuliza saa ngapi. Si saa anayoitaka, anatafuta mteja. Mazungumzo yanaendelea, mistari michache tu, swali linarudi. Linarudi tena. Mwanzoni nilicheka. Baadaye likanikera. Kufika katikati ya kitabu nilikuwa nalisubiri, kama unavyosubiri tumba irudi. Huo ni ufundi wa kweli, na hakuna namna ya kuupata bila kuwa umekaa sana karibu na bendi.

Sasa shida yangu. Wasichana wale wanauliza saa kuanzia mwanzo, na mpaka nafunga kitabu sikujua hata mmoja wao ametoka wapi au anaogopa nini. Wakosoaji kadhaa wa Kiafrika walilalamikia jinsi kitabu kinavyowachora wanawake, na watetezi wakajibu kwamba mji wenyewe ndivyo ulivyo, mwandishi kaushika kioo tu. Hoja hiyo naielewa. Riwaya haina wajibu wa kuwa na adabu kuliko mtaa. Lakini Lucien anapata kurasa za kuwaza, Requiem anapata kurasa za kujitapa, hata mchapishaji wa Kizungu anapata muda wake. Wasichana wanabaki kwenye kiitikio. Kwa lugha ya baba mdogo: bendi nzima inapiga, kidole hakinyanyuki kwa ajili yao.

Ndipo naikumbuka Jazz. Morrison aliitoa mwaka 1992, na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa anakumwagia kisa chote. Harlem, New York, 1926. Joe Trace, muuza vipodozi aliyevuka miaka hamsini, amempiga risasi kimada wake wa miaka kumi na minane, Dorcas. Mkewe Joe, Violet, ameenda msibani na kisu akaukata uso wa maiti. Basi, umeshajua. Morrison amewahi kueleza kwamba kisa hicho alikichukulia kama melodi. Na kweli, bendi ikishaupiga wimbo mara moja ukaujua, kinachofuata si kuuliza unaishaje, bali kusikia kila mpigaji ataufanya nini ukifika mikononi mwake.

Na kila mmoja anafikiwa. Joe anasimulia kwa kinywa chake. Violet anapata nafasi ya kujitazama kama vile kuna Violet mwingine ndani yake. Alice, shangazi aliyemlea Dorcas, anauchukia muziki wa mji ule na kuuogopa, na hofu yake inapewa sababu: wazazi wa Dorcas walikufa kwenye ghasia za East St. Louis mwaka 1917, na masikioni mwa Alice ngoma za maandamano ya kimya ya mwaka ule hazijakoma. Hata msimulizi, sauti isiyo na jina inayojifanya inajua kila kitu, anakosea. Anatabiri kwamba damu itamwagika tena, haimwagiki, naye anakiri kwamba wahusika wake walikuwa na maisha ambayo yeye hakuyaona. Ni kama kiongozi wa bendi aliyetegemea wimbo uelekee huku, wenzake wakaupeleka kule, akalazimika kuwafuata.

Lakini sehemu inayonirudisha kwenye kitabu hiki ni fupi. Ni Dorcas. Marehemu. Yule ambaye kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa maiti tu. Kufika nyuma huko kitabuni Morrison anampa nafsi ya kwanza: yuko kwenye sherehe, anacheza na kijana mwingine, anajua Joe anakuja, risasi inampata, anakataa kumtaja aliyempiga, na anapofifia anamsikia mwanamke akiimba.

Chanzo cha Dorcas ni picha. Mpigapicha James Van Der Zee wa Harlem aliwahi kumpiga picha msichana aliyelala ndani ya jeneza, na habari yake ikaingia kwenye kitabu cha picha za wafu cha mwaka 1978, ambacho Morrison alikiandikia dibaji. Kwenye picha yule msichana amenyamaza. Ndani ya riwaya anaongea. Nikifika hapo huwa namwona baba mdogo na kidole chake.

Kwa hiyo mahali wawili hawa wanapoachana, kwa maoni yangu, si kwenye kasi wala kwenye utamu wa sentensi. Mujila pengine ana mapigo makali zaidi. Ukisoma Tram 83 kwa sauti utatoka jasho. Ila muziki una mambo mawili ambayo mwandishi anaweza kuyachukua. Kuna mdundo, na kuna zamu. Mujila amechukua mdundo kuliko zamu. Morrison kachukua vyote viwili, na zamu ndiyo inayoamua nani katika hadithi ni mtu na nani ni kelele ya nyuma.

Wala kosa si la kiitikio chenyewe. Sisi tuliolelewa na ngano tunalijua hilo. Bibi akisimulia, katikati panaingia wimbo, watoto wote tunaitikia, hadithi inaendelea, wimbo unarudi. Na mara ngapi wimbo ule ndio uliobeba siri? Mtoto kauawa, kijiji hakijui, ndege anatua juu ya mti na kuimba yaliyotokea. Mara ya kwanza watu wanapuuza. Mara ya tatu wanasimama kusikiliza. Yaani kwenye ngano zetu kiitikio kinaweza kuwa mahali pekee ambapo aliyenyamazishwa anaongea. Na kinaporudiwa, kinarudi na uzito mpya, mpaka mtu ageuke. Swali la wasichana wa Tram 83 linarudi mara nyingi, na ndani ya kitabu hakuna anayegeuka kweli.

Nayasema haya nikiwa na deni. Mwaka jana niliandika hadithi fupi inayotokea kwenye baa moja ya Sinza, usiku wa bendi. Nilijivunia mapigo yake. Nilianza taratibu kama dansi la zamani, nikamalizia kwa chemko. Baada ya kurudia vitabu hivi viwili niliifungua tena, nikahesabu. Mhudumu anatokea mara sita. Mara zote sita anasema neno moja: "Niongeze?" Nilikuwa nimemwona ana mdundo mzuri.

Hadithi hiyo bado haijatoka. Mhudumu sasa ana kurasa mbili zake mwenyewe, na zimeharibu mwendo wote niliokuwa nimeupanga. Chemko limechelewa, wanaume wawili niliowapenda wamepunguziwa maneno. Bado sijajua kama hadithi imekuwa bora. Ninachojua ni kwamba akija mezani mara ya saba, kuna mtu amekuja.